Mtu mzima akisema hataki kazi ya kuajiriwa, kosa lake ni lipi?

Mtu Huru
Nina miaka 34. Nilifanya kazi ya ofisini miaka tisa, mwaka jana nikaandika barua ya kuacha, na sina mpango wa kurudi. Sikufukuzwa, siumwi, wala sitafuti nafasi yenye mshahara mnono zaidi. Sitaki tu. Kazi ilikuwa ikiisha saa saba mchana bado nakaa kitini mpaka saa kumi na moja jioni, kwa sababu ukiondoka mapema unaonekana huna nidhamu. Kila siku nilikuwa napiga hesabu: saa nane za ofisi, mbili za njiani, moja ya kujiandaa, nyingine ya kukodolea ukuta macho kwa uchovu. Kinachobaki hapo si maisha, ni masalio.

Nina akiba, nimerudi kwa wazazi, matumizi yangu ni madogo. Lakini nyumbani natazamwa kama mtu aliyerukwa na akili. Mbona dada yangu yuko nyumbani miaka yote, hafanyi kazi, na hakuna anayemuuliza? Naomba mnieleze kosa langu ni lipi, bila matusi.

Bosi Mdogo
Bila matusi: wewe ni kula kulala mwenye maneno mazuri. Mimi nina wafanyakazi sita. Mmoja akiamka na mawazo kama yako, watano wanabeba mzigo wake siku hiyo. Leo una wazazi, kesho je? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mama Wawili
Bosi, yako tutayarudia. Mimi nimekwama kwenye sentensi moja. Kaka, umesema dada yako yuko nyumbani "hafanyi kazi". Hebu tueleze siku yake inakwendaje. Anaamka saa ngapi, na anaamka kufanya nini?

Mtu Huru
Dada, sikuwa na nia mbaya. Nilimaanisha hana ajira. Anaangalia nyumba, na baba yuko kitandani tangu apooze, kwa hiyo anamsaidia. Ila hana bosi, hana saa ya kuingia wala ya kutoka. Ndicho nilichokuwa nasema.

Mama Wawili
"Anamsaidia"!

Nimemuuguza mama mkwe aliyepooza, miezi kumi na minne. Mtu asiyeweza kujigeuza unamgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo anaota vidonda mgongoni na kwenye nyonga. Unapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, unamvuta kuelekea kwako, unamwekea mto nyuma ya mgongo. Halafu unanyoosha shuka, maana hata kunjo moja ya shuka inachubua ngozi. Ukijilaza, usingizi ndio kwanza unakuja, saa mbili zimeshafika. Unasema dada yako hana saa ya kutoka kazini. Hana kwa sababu hatoki.

Nahodha
Mada inapotea jamani. Tunaongelea mwanamume mwenye nguvu zake, hatuongelei wauguzi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Imekwisha.

Sauti ya Chini
Haijaisha, ndugu Nahodha. Paulo huyohuyo alikuwa fundi wa mahema. Kule Korintho alikaa na Akila na Prisila wakafanya kazi pamoja kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Alikula jasho lake, lakini hakuwa na tajiri wa kumpigia kengele. Mwenye mada anasema hataki kuajiriwa. Kuajiriwa na kufanya kazi ni vitu viwili, na mnavichanganya makusudi ili mpate mtu wa kumpiga mawe.

Nahodha
Soma tena alichoandika. "Sitaki tu." Hajataja hata kitu kimoja anachokifanya tangu mwaka jana. Fundi wa mahema ana mahema ya kuonyesha. Huyu anaonyesha nini?

Mzee wa Zamu
Nimesoma yote, na sina ugomvi na kijana kuacha kazi. Kilichonichoma ni lile neno, masalio.

Nimekesha zamu za usiku miaka 22. Nilikuwa narudi asubuhi, binti yangu ndiyo anatoka kwenda shule. Tulikutana mlangoni. Naweka begi chini, napiga goti, namfunga kamba za viatu, yeye ananieleza ndoto aliyoota. Ilikuwa kama dakika tano, kisha anaondoka na mimi naingia kulala. Alipofika darasa la sita alikuwa anajua kufunga mwenyewe muda mrefu tu, lakini kila asubuhi aliniachia kamba za mguu wa kushoto. Sasa wewe unakuja kuniambia dakika zile zilikuwa masalio. Usirudie kuwaambia watu hivyo.

Mtu Huru
Mzee wangu, naomba radhi. Nilikuwa nasema maisha yangu mimi, sikukusudia ya mwingine. Ila nikuulize kwa heshima: hukutaka dakika hizo ziwe saa?

Mzee wa Zamu
Nilitaka. Kila siku.

Bosi Mdogo
Na zilikuwa dakika tano kwa sababu viatu vinanunuliwa. Mnasahau hilo. Halafu hiyo siku ya saa nane mnayoilaani hapa ni matajiri waliowapa watu. Zamani watu walifanya kazi saa kumi na mbili mpaka kumi na nne, akaja Ford wa magari akawapunguzia.

Kalamu Nyekundu
Hapana. Ford aliweka saa nane kiwandani kwake mwaka 1914, na wiki ya siku tano mwaka 1926. Lakini tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani walishaingia barabarani kudai saa nane, Chicago wakiwa mstari wa mbele. Siku tatu baadaye bomu likalipuka kwenye mkutano wa Haymarket, na mwaka 1887 watu wanne wakanyongwa kwa kesi ambayo hadi leo inahesabiwa kuwa ya dhuluma. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ndio ukaweka saa nane kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Watu walikufa kwa ajili ya hizo saa, Bosi. Usiziite zawadi.

Bosi Mdogo
Mimi si mwanafunzi wako, Kalamu. Umewahi kulipa mshahara wa mtu mwisho wa mwezi wakati wewe mwenyewe hujaingiza kitu? Tarehe unazijua, lakini usiku wa tarehe 28 unapogaragara kitandani unawaza watu sita na watoto wao, hiyo historia haikusaidii.

Kalamu Nyekundu
Sijawahi, na nakuheshimu kwa hilo. Nilisahihisha jambo moja tu, kwa sababu tukiamini tumepewa tutaogopa kuomba tena.

Sauti ya Chini
Na kuomba tena ndiko kulikosimama. Mwanauchumi Keynes aliandika mwaka 1930 kwamba baada ya miaka mia moja watu wangefanya kazi saa 15 kwa wiki na kutosheka. 2030 hiyo hapo mlangoni. Mashine zimekuja kweli, uzalishaji umepanda kweli, lakini wengi bado wako kitini mpaka jioni kama mwenye mada alivyoeleza, kazi imeisha na mtu haruhusiwi kuondoka. Hilo halimuumizi mtu mwingine humu?

Nahodha
Mimi kinachoniumiza ni kulea makupe. Ingekuwepo sheria, mtu mzima mwenye afya asiye na kazi aulizwe mbele ya hakimu.

Sauti ya Chini
Ilikuwepo, na iliishia pabaya. Umoja wa Kisovieti walikuwa na sheria ya kuwashtaki "makupe wa jamii". Mwaka 1964 wakamfikisha mahakamani Joseph Brodsky, kijana aliyekuwa akiandika mashairi na kutafsiri. Mashairi hayakuhesabiwa kuwa kazi. Alihukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu huko kaskazini, akaachiwa mwaka uliofuata baada ya kelele nyingi. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakimu wako, Nahodha, angejuaje nani ni kupe?

Nahodha
Unanitolea mshairi mmoja. Mimi nina shemeji yangu, miaka 41, hajawahi kuandika hata barua. Analala sebuleni kwangu. Watoto wangu wanatembea kwa kunyata asubuhi ili mjomba wao asiamke. Mtu mzima! Nikisema neno naonekana nina roho mbaya. Njooni mmoja wenu mkae naye wiki moja kisha tuongee uhuru.

Mama Wawili
Pole, kaka. Hilo ni zito, nakubali. Na nadhani sasa umesema kinachokuuma, maana mtu kutokuwa na bosi hakukuumi. Kinachokuuma ni watoto kunyata kwenye nyumba yao wenyewe.

Nahodha
Ndiyo. Hicho hasa.

Bosi Mdogo
Nilisikia nchi fulani, Sweden kama sikosei, waliwapa watu pesa bure kila mwezi, wote wakaacha kazi, mpango ukafutwa kwa aibu.

Kalamu Nyekundu
Ni Ufini, 2017 hadi 2018. Walichaguliwa watu 2,000 ambao hawakuwa na ajira tangu mwanzo, wakapewa yuro 560 kwa mwezi bila masharti. Lilikuwa jaribio la miaka miwili na likafika mwisho wake uliopangwa. Ukiwalinganisha na wenzao ambao hawakupewa, hawakufanya kazi kidogo zaidi, na walisema wana msongo mdogo na afya afadhali. Haithibitishi kwamba kila nchi inaweza. Inatosha kujibu hilo la "wote wakaacha".

Mama Wawili
Kalamu, wewe mwenye tarehe, humu ndani mmehesabu saa za kiwanda, saa za ofisi, saa za Keynes. Za dada yake huyu kijana zimehesabiwa wapi?

Kalamu Nyekundu
Zimehesabiwa, dada. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizolipwa ni saa bilioni 16.4 kila siku duniani. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa nane kwa siku bila malipo. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Na kule Iceland, tarehe 24 Oktoba 1975, karibu asilimia 90 ya wanawake waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Nchi ilikwama.

Mama Wawili
Ahsante. Basi narudi kwa mwenye mada, na ninauliza kwa upendo, kaka yangu, sikushambulii. Sikuhukumu kuacha ofisi. Ningeweza ningeacha mambo mengi mimi mwenyewe. Lakini uhuru wako unafanyikia ndani ya nyumba ambayo mtu mwingine haruhusiwi kusema "sitaki tu". Uko hapo mwaka mzima. Usiku wa leo, nani anamgeuza baba yenu?

Sauti ya Chini
Dada, hilo si swali la mada. Aliuliza kuhusu ajira. Mnataka kumrudisha kwenye hatia ileile kwa mlango wa nyuma.

Mama Wawili
Mwache ajibu mwenyewe.

Bosi Mdogo
Kimya. Tulijua.

Mzee wa Zamu
Bosi, mpe nafasi. Si kila anayenyamaza amekimbia.

Mtu Huru
Sikukimbia. Jana niliposoma swali hilo ilikuwa saa sita usiku. Jibu ni dada yangu. Miezi yote hii nimekuwa nasikia mlango wa chumba cha baba ukifunguliwa usiku, nageuka upande wa pili naendelea kulala. Nilikuwa nauhesabu mlango ule kama kelele za nyumba.

Bado sitaki kurudi ofisini, na sitasema uongo ili niwafurahishe. Ila saa nane usiku niliamka, nikamkuta dada mlangoni, nikamwambia leo kalale. Alidhani kuna msiba. Alibaki amesimama kando ya kitanda mpaka nilipomaliza, kisha akanionyesha kwamba mto nimeuweka juu mno. Saa kumi nilimgeuza peke yangu. Tumekubaliana usiku wangu ni Jumapili hadi Jumatano.

Sasa nina swali jingine kwa Mama Wawili. Kisigino cha kushoto kimekuwa chekundu. Nimekisugua na mafuta lakini wekundu hautoki. Nifanyeje?

Mama Wawili
Usikisugue tena, kusugua kunaumiza ngozi ambayo tayari imeshaumia. Bonyeza kidogo kwa kidole kisha uachie: ukiona wekundu hauondoki hata kwa muda mfupi, kidonda kimeanza kwa ndani, mpigie muuguzi leo, usingoje kesho. Kwa sasa chukua mto, uweke chini ya kigimbi, urefu wote, mpaka kisigino kining'inie bila kugusa godoro. Pitisha kiganja chako chini yake uhakikishe. Kiganja kipite bila kukwama.

Mzee wa Zamu
Na goti lisinyooke kabisa, likunje kidogo. Nilifundishwa hivyo nilipokuwa namuuguza marehemu mke wangu.

Mtu Huru
Kiganja kinapita. Nimekunja goti. Muuguzi anakuja saa tisa.

Nahodha
Tujulishe atakachosema.