Majirani wa Bel-Air, Lubumbashi: redio za msafara wa Kundelungu

Trésor: Jambo wakubwa. Magari ni sita, tunaenda hadi maporomoko ya Lofoi, kwenye mbuga ya Kundelungu. Kuna tokiwoki mjini zimeandikwa "kilomita 35". Nichukue 6?

Papa Ngoy: Bado, mwanangu. Kilomita 35 ni za mlima kuonana na mlima. Ndani ya gari bati linakuzunguka, porini hesabu 1 au 2 tu.

Trésor: Na hizi tokiwoki za FRS za mjomba, kutoka Marekani?

Yaya Odette: Hapana. FRS mwisho wati 2 na antena yake haiwezi kutolewa, huwezi kuipeleka juu ya paa. Tokiwoki za PMR446 za Ulaya ni nusu wati! Tafuta za VHF (masafa ya kama 150 MHz), zenye antena inayotolewa. Kwenye miti ya miombo VHF inapita vizuri kuliko UHF (masafa ya juu zaidi).

Mama Sifa: Wati ngapi?

Papa Ngoy: Mama, antena kwanza. Ya sumaku, katikati ya paa. Kwa 150 MHz ni kama sentimita 50, robo ya wimbi, na bati la paa ndilo nusu yake ya pili. Antena mbili zikiwa mita 2 juu ya ardhi, kwenye tambarare upeo ni kama kilomita 11, miti inapunguza. Wati nyingi haziondoi mlima.

Fundi Kasongo: Wenye Hilux ya kibanda cha faiba, wekeni juu ya kabini. Faiba haishiki sumaku wala haisaidii antena. Na kebo nene isifungwe moja kwa moja kwenye tokiwoki, itavunja kichwa cha SMA, pale antena inapofungwa. Katikati weka kipande cha kebo nyembamba.

Yaya Odette: Gari la mbele na la mwisho yapate redio ya kufunga ndani ya gari, wati 25 hadi 50. Mengine manne, tokiwoki ya wati 5 na antena ya paa. La mwisho hasa! Kiangazi vumbi linaachanisha magari, likikwama hakuna anayeliona.

Fundi Kasongo: Wati 50 zinakula kama ampea 10. Usitumie tundu la kuwashia sigara. Nyaya zote mbili hadi kwenye batri, fyuzi ya ampea 15 pale pale. Kisha pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwa antena): chini ya 1.5 ni vizuri, ikifika 3 usibonyeze kusema, utaunguza redio.

Trésor: Kila mtu apange yake?

Yaya Odette: Hapana, Trésor, mpangilio mmoja kwa zote. Mara nyingi "redio mbovu" ni toni tu, ule mlio mdogo unaofungua sauti ya redio nyingine (CTCSS): huyu anangoja 88.5, yule haitumi, basi taa inawaka na sauti haitoki. Upana wa chaneli pia, wote 12.5 kHz au wote 25, la sivyo sauti inakuwa hafifu ama inakwaruza. Na toni haifichi maneno, wengine wanasikia.

Mama Sifa: Masafa je?

Papa Ngoy: Ya kibali cha ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Ombeni kabla ya kununua, msijichagulie.

Trésor: Wanaoshuka chini ya maporomoko tutawasikia?

Papa Ngoy: Ukingo wa mlima unakata. Gari moja libaki juu, lipokeze maneno. Na bonyeza, ngoja sekunde moja, ndipo useme. Bila hivyo neno la kwanza linapotea.

Trésor: Asanti. Redio 2 za kufunga, tokiwoki 4, batri 4 za akiba, antena 6.

Fundi Kasongo: Antena 8. Matawi yanazivunja.