ALT na AST za mzee ziko sawa, lakini tumbo linajaa

Mwana_wa_Ziwa: Wakuu, mzee wangu ana miaka 61, mvuvi wa Ukerewe, pombe hagusi. Tumbo linajaa, miguu inavimba jioni, mwili unakonda. Kapimwa vimeng'enya vya ini: ALT 31, AST 38. Tukaambiwa ini zima. Mama anasema macho ni ya manjano. Nani yuko sahihi?

Tabibu_Mstaafu: Mama yako ana jicho zuri. ALT na AST huvuja kwenye damu seli za ini zinapoumia. Ini lililokwisha kuwa kovu linaweza kutoa namba tulivu kabisa. Kama ini linafanya kazi, utaambiwa na albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya manjano inayoondolewa na ini) na INR, yaani kipimo cha damu kuganda. Na FBP, yaani picha kamili ya damu, mnayo? Tazama chembe sahani, zile za kugandisha damu. Zikiwa chini ya 150 (elfu kwa mikrolita), huenda bandama imekua na inazizuia humo.

Macho ya wavuvi hubadilika rangi kwa jua, kwa hiyo mtoe nje mchana, atazame chini, umwinue kope la juu. Pale jua halifiki. Vitabu vinataja vimishipa vya buibui kifuani. Kwa ngozi zetu sivihangaikii sana. Natazama kucha zilizopauka, matiti yaliyovimba, misuli ya panja, kando ya paji la uso, iliyobonyea. Kisha anyooshe mikono, viganja mbele, kama anayesimamisha daladala. Vikipepesuka, au analala mchana na kukesha usiku, mpelekeni hospitali leo hii.

Dada_Maabara: Mvuvi wa ziwa? Ongezeni kipimo cha homa ya ini B, na kichocho. Mayai ya kichocho huziba vimishipa vya damu ndani ya ini huku seli zikichapa kazi, hivyo albumini inaweza kuwa nzuri na bandama ni kubwa. Altrasaundi itaonyesha. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni dharura.

Tabibu_Mstaafu: Kweli kabisa. Na maji ya tumbo yachotwe. Albumini ya damu ukitoa ya maji, ikibaki 1.1 g/dL au zaidi, presha imepanda kwenye mshipa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini. Ikiwa chini ya hapo, wafikirie TB ya tumbo au saratani.

Mwana_wa_Ziwa: FBP ninayo, sahani 88. Chini ya kope ni manjano. Alfajiri tunapanda meli kwenda Mwanza. Diklofenaki, dawa yake ya maumivu ya mgongo, aendelee nayo?

Tabibu_Mstaafu: Aiache usiku huu. Inaumiza figo na kutoboa tumbo, na kwa sahani hizo akianza kuvuja damu ni kazi kuizuia. Vidonge vyote anavyomeza, hata dawa za miti shamba, vitie kwenye mfuko uende navyo.