Naombeni ushauri, mpango wa kijiji chetu umebadilishwa huko juu

Habari zenu wakuu. Mwaka jana kijijini kwetu tulikaa siku kadhaa chini ya mwembe pale ofisini, ule mpango wa fursa na vikwazo (wanakijiji wenyewe tunaorodhesha tulicho nacho na kinachotukwamisha, kisha tunachagua vipaumbele), wazee kwa vijana, tukachora hadi ramani ardhini kwa majivu, tukakubaliana kipaumbele namba moja ni kisima maana kina mama wanaamka saa tisa usiku kufuata maji. Mkutano mkuu ukapitisha, mahudhurio tukasaini. Sasa majibu yamerudi, kisima hakipo, kuna uzio wa ofisi ya kata! Nikamuuliza mtendaji, eti "bajeti ina ukomo ndugu yangu".

Ninavyojua sheria ya 1982 ya mamlaka za wilaya inataka mkutano mkuu kila miezi mitatu, sisi tuna miezi minane hatujaitwa (ila michango wanapita nyumba kwa nyumba kudai 😅). Diwani simu hapokei.

Naanzia wapi, barua kwa mkurugenzi wa halmashauri moja kwa moja au tuibane kwanza kamati ya maendeleo ya kata? Na nakala ya muhtasari wa ule mkutano mkuu, mtendaji anaweza kuninyima kweli? Aliyewahi kupitia hili anisaidie.