Nimekuwa mume wa nyumbani: niishije na hela ninayoachiwa mezani?

Baba Watatu, Dar es Salaam
Habari zenu, ndugu zangu. Kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa karakana ya malori, na mafundi wa pale walijua kwamba nikishasema sirudii. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi, nami nikiwamo, tulikaa na mke wangu, ambaye ni muuguzi, tukaona hakuna maana ya kumlipa dada wa kazi wakati mimi nipo, hasa kwa kuwa zamu zake za usiku hubadilika kila mara na mtoto wetu wa mwisho bado hajaanza shule. Uamuzi ulikuwa wetu sote wawili, na siujutii.

Kazi zenyewe hazinishindi. Napika uji wa ulezi kabla gari la shule halijafika, nafua sare, bei za soko la Mabibo nazijua, na juzi nilimpeleka mdogo kupata chanjo ya surua na rubela ya miezi 18, nikawa mwanamume pekee kwenye benchi. Kinachonishinda ni hela. Mke wangu huniachia mezani hela ya matumizi ya siku, kama mimi nilivyokuwa nikimwachia yeye zamani, na kuichukua kunaniuma. Hajanidharau hata kwa neno moja, lakini nikitaka kunyoa nywele au kutoa rambirambi kwa rafiki aliyefiwa, sina budi kujieleza. Kijiweni wanasema nimelishwa limbwata, na kaka yake mke wangu aliniita marioo mbele ya watoto. Waliopitia hali hii walilindaje heshima yao bila kuiharibu ndoa?

Mama Neema, Morogoro
Pole, kaka. Mimi ndiye ninayeleta mshahara nyumbani kwetu, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo huenda mkeo anashindwa kuyasema. Anakuachia hela mezani kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoiona, tena kwako wewe mwenyewe, na kukuuliza imetumikaje anaogopa, asije akaonekana anakukagua. Kwetu tuliacha kabisa hela ya kila siku. Mshahara ukiingia tunakaa pamoja, tunaandika kodi, ada, chakula, marejesho ya vikoba na cha wazazi wa pande zote mbili, kisha fedha yote ya chakula ya mwezi inaingia kwenye simu ya mume wangu, naye ndiye anayejua itafikaje mwisho wa mwezi. Kila mmoja ana kiasi chake kidogo ambacho haulizwi. Rambirambi anapeleka yeye, kwa jina la familia.

Nikuombe jambo moja: akitoka zamu ya usiku, usimkabidhi mtoto mlangoni. Na usingoje sifa kwa kila sufuria. Mume wangu mwanzoni alizingoja, nami nilikuwa nimeosha hizo hizo miaka yote bila kupigiwa makofi.

Msomaji wa Sheria, Dodoma
Aibu anayoisikia mwuliza swali haikutoka kijiweni peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 63, inamtwika mume wajibu wa kumtunza mke, na mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mume pale tu ambapo maradhi au ulemavu umemzuia kujipatia riziki. Sheria ya ajira nayo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba angalau siku 3, kwa hiyo ni wazi inamtarajia nani abaki na mtoto.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ya ndoa, katika kifungu cha 114, inapozungumzia mgawanyo wa mali inataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuipata mali hiyo. (Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu nyingine, lakini kanuni ilibaki.) Kenya wameliandika waziwazi katika sheria yao ya mali ya ndoa ya 2013. Kanuni hiyo iliwekwa kwa shauri la mke, lakini sioni kwa nini isimhusu mume: kiwanja mtakachonunua kwa mshahara wa mkeo, na jasho lako limo.

Mzee wa Ngamiani, Tanga
Mwanangu, kwetu Waislamu nafaqa, yaani matunzo ya mke, ni juu ya mume, hilo halina ubishi. Lakini Zainabu, mke wa Abdallah bin Masuudi, alipotaka kujua kama anachomtumia mumewe na mayatima anaowalea kinahesabiwa sadaka, Mtume alijibu kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Naye Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali.

Ama huyo shemeji, utani una mipaka, na mbele ya watoto ameivuka. Usimjibu wewe. Mkeo ndiye amwambie, maana ni nduguye.

Dereva Mstaafu, Mombasa
Mimi naona mnamliwaza mno. Msimamizi wa karakana hawezi kukosa gari la kutazama Jumamosi, mke akiwa hana zamu. Sisemi kazi ya nyumbani ni duni; nasema ufundi usiposhikwa hupotea, na watoto wakikua atauhitaji.

Baba Watatu, Dar es Salaam
Nawashukuru nyote. La Jumamosi nimelichukua, na la shemeji nimemweleza mke wangu. Ameahidi kulisema mwenyewe. Mshahara ukiingia nitamwomba tukae na daftari. Mama Neema, ada ya shule mliiacha mkononi mwa nani?

Mama Neema, Morogoro
Kwa mume wangu. Yeye ndiye anayeonana na walimu.