Kiwanja cha ukweni Siquijor: mume mgeni anyimwe ardhi mpaka lini?

Mtoa mada (Dubai): Wakuu, habari za jioni. Mke wangu ni Mfilipino, kwao ni kijijini kisiwani Siquijor. Kumepatikana kiwanja cha mita za mraba 600 jirani na mama mkwe, minazi 12, barabara ya zege inapita mbele. Hela ni yangu, nimeidunduliza miaka sita. Jina langu haliingii. Katiba yao ya 1987, ibara ya 12, inakataza ardhi binafsi kuhamishiwa mgeni isipokuwa kwa urithi. Flati naruhusiwa, mradi wageni tusipite asilimia 40 ya jengo, lakini kijijini flati ziko wapi? Nyumba naweza kujenga ikawa yangu. Udongo chini yake, hapana.

Kinachonikera ni hicho kipengele cha urithi. Mke akitangulia, narithi kihalali. Tukiachana, natoka na begi. Yaani sheria inanitambua nikishafiwa, nikiwa mume hainijui. Hii ni haki kweli?

Mchangiaji (Arusha): Mkuu, unalia nini? Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, na mgeni hapewi ila kwa uwekezaji. Mzungu akioa huku akaandikisha shamba kwa jina la mke tunasema katumia ujanja. Ukifanya wewe Siquijor, eti ni mapenzi.

Mtoa mada: 😂 Hapo umenipata. Endeleeni.

Mchangiaji (Muscat): Kaka, nimefanya kazi na Wafilipino miaka minane, naomba niwasemee wa kule kijijini. Akija mstaafu wa Ulaya na pensheni yake, atalipa bei yoyote atakayotajiwa, na kesho yake jirani naye anataka hiyohiyo. Mtoto wa mvuvi atajenga wapi? Halafu hawa watu wana kumbukumbu. Baada ya kupata uhuru kutoka Marekani mwaka 1946, Wamarekani walipewa haki sawa na wenyeji kwenye maliasili, mpaka 1974. Mwaka 1947 mahakama yao ya juu iliulizwa kama marufuku ya mgeni kumiliki "ardhi ya kilimo" inagusa na kiwanja cha kuishi. Ikajibu inagusa. Mimi siwalaumu.

Mtoa mada: Dada, mstaafu simtetei. Natetea mume aliyeoa, kiwanja kimoja cha kuishi, basi. Mzaliwa wa kule aliyechukua uraia wa Kanada anaruhusiwa kununua hadi hekta moja ya makazi kijijini. Kumbe kipimo wanacho! Wangenikatia hata robo yake.

Mchangiaji (Muscat): Yule kitovu chake kimezikwa pale. Chako?

Mchangiaji (Mombasa): Ndugu yangu, haki mtaijadili hadi alfajiri, ila kuna kesi uijue. Mjerumani mmoja alitumia fedha za urithi wake kununua ardhi Antipolo kwa jina la mkewe Mfilipino. Walipotengana akadai arudishiwe, si ardhi, fedha tu. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikamkatalia: alijua katazo tangu mwanzo, hawezi kupita mlango wa nyuma. Sasa niambie, karatasi uliyotumiwa inasemaje?

Mtoa mada: Nimetumiwa picha WhatsApp. Ni karatasi ya kodi ya ardhi, jina la babu yake muuzaji. Babu ameshafariki. Warithi saba, wawili wako Kanada.

Mchangiaji (Mombasa): Hiyo inaonyesha nani analipiwa kodi. Hati miliki ni kitu kingine kabisa, na vijijini kule viwanja vingi havina. Warithi wote saba watie saini kugawana mirathi, ndipo yeyote auze. Ulizeni pia kama shamba lilitoka kwenye mageuzi ya ardhi ya 1988, yale ya kuwagawia wakulima mashamba, maana mashamba hayo yana masharti yake ya kuuzwa. Kama huna amani na jina la mke, ukodi: sheria ya 1973 inampa mgeni miaka 25, na 25 mingine ya kuongeza.

Mchangiaji (Arusha): Miaka 50 inakutosha, mkuu, una nywele nyeupe tayari.

Mtoa mada: Bado nasema sheria ina kasoro kwa wanandoa, hapo sijabadilika. Ila muuzaji anataka advansi kabla ya sikukuu ya kijiji. Nimempigia mama mkwe sasa hivi: saini saba kwanza, mbili zitoke Kanada.

Mchangiaji (Muscat): Na minazi iandikwe kwenye mkataba. Yote 12.