Mjadala: Kusoma meseji za mtoto wa miaka 13, ni ulinzi au upelelezi?

Mama Pacha
Wadau, naleta hoja, tuijadili bila kuumizana. Mtoto akipewa simu, meseji zake zisomwe na mzazi mpaka afikishe miaka 16. Zote, na yeye akijua kuwa zinasomwa. Hiyo miaka 13 mnayoiona kwenye masharti ya mitandao si umri wa akili kupevuka. Imetoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Iliwekwa kwa ajili ya data, malezi hayamo. Anayepinga aseme kwa nini.

Fundi Waya
Napinga. Kusoma meseji ni kazi ya mzazi asiyejua kuiseti simu. Meseji unaisoma kesho, jambo limetokea leo. WhatsApp ina ujumbe wa kujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na ina picha ya kufunguka mara moja ikapotea. Anayewinda watoto huanza na salamu kwenye gemu, akishazoeleka anamhamishia mtoto kwenye programu nyingine ambayo wewe hata hujui kama ipo. Hapo utasoma nini?

Ziba mlango kwanza. Mipangilio, Faragha, Vikundi: waliomo kwenye orodha yake ya majina tu ndio waweze kumwingiza kikundini. Zima picha na video kujipakua zenyewe. Programu mpya isiingie bila idhini yako, kwa Family Link kama ni Android, kwa Screen Time kama ni iPhone, zote za mzazi kudhibiti simu ya mtoto. Na simu ilale saa 3 usiku. Dakika 20, kazi imekwisha.

Chachandu
Fundi, hiyo saa 3 usiku ni ya kwetu au ya simu? Kuna mtu atajaza 03:00, kisha aje hapa kulia kuwa Family Link ni feki.

Fundi Waya
Anayejaza 03:00 anyang'anywe simu yeye kabla ya mtoto.

Mama Pacha
Ahaa. Mzazi "asiyejua" kwanza, sasa mzazi wa kunyang'anywa simu. Kaka, umeandika maelekezo ya watu kufuata, ukaandika saa ambayo haimo kwenye simu, halafu kosa ni la aliyekufuata?

Shangazi Mkali
Mama Pacha yuko sahihi na Fundi anajua. Sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu akijaza mwanzo 03:00 na mwisho 12:00, akilini ameweka saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Simu imeelewa saa 9 usiku mpaka saa 6 mchana. Mtoto anakesha kwa raha zake, kisha asubuhi simu ni kigae. Jazeni 21:00 hadi 06:00. Na mkishaweka, angalieni siku zote saba, maana ratiba inaweza kupangwa siku kwa siku, na ukigusa Jumatatu pekee hujagusa Ijumaa.

Fundi Waya
Nimeandika Kiswahili naambiwa nimekosea Kiswahili. Haya, 21:00. Turudi kwenye hoja?

Babu Ruta
Bado. Mkishaweka hiyo 21:00, mtoto anabadili ukanda wa saa kwenye mipangilio, simu inaamini bado ni mchana. Ujanja mkongwe huo. Saa ijipange yenyewe kwa mtandao, na pale simu inaporuhusu, kuibadilisha kudai namba ya siri.

Ujanja wa pili ni mtamu zaidi. Mtoto anawasha kurekodi skrini, au anategesha simu nyingine pembeni, kisha anakuja kwa adabu zote: "Naomba dakika kumi tu." Mzazi anaandika namba ya siri kwenye simu ya mtoto, jioni mtoto anairudia video taratibu. Kwa hiyo idhini toa ukiwa kwenye simu YAKO. Kote kuwili, Family Link na Screen Time, unaweza kuidhinisha ukiwa kwenye simu yako, huandiki tarakimu hata moja mbele ya mtoto. Na namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote ndani ya nyumba.

Kipimo
Mnapoteza muda na saa ya kulala. Shirika la Afya Duniani limeshasema: saa 1 kwa siku, basi. Ukizidisha umemharibu.

Chachandu
Saa 1 asubuhi au saa 1 jioni?

Kipimo
Sina muda wa mizaha. Ni mwongozo rasmi.

Nahodha
Mkuu Kipimo, rasmi ndiyo, ila si wa mtoto huyu. Mwongozo wa WHO wa 2019 ni wa walio chini ya miaka 5. Chini ya mwaka mmoja, skrini hakuna kabisa. Wa mwaka mmoja, kukaa mbele ya skrini hakushauriwi. Wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wa miaka 13 hayumo humo. Madaktari wa watoto wa Marekani nao, chama chao cha AAP, mwaka 2016 waliweka saa moja ya vipindi vyenye ubora kwa wa miaka 2 hadi 5. Kuanzia miaka 6 hawakutaja idadi. Walisema kuwe na mipaka isiyoyumba, na skrini isile usingizi wala mazoezi ya mwili.

Saa zenyewe hazifanani pia. Kuzungumza na bibi kwa video si sawa na kutelezesha video fupi. Kama unataka kupunguza bila vita, zima video kujicheza zenyewe moja baada ya nyingine, na zima arifa za kila kitu isipokuwa simu na ujumbe wa watu halisi. Chaja ilale sebuleni. Hili la mwisho linashinda programu nyingi.

Kipimo
Kwa hiyo umekubali saa moja ipo.

Nahodha
Kwa wa miaka minne, ndiyo.

Kipimo
Basi sikukosea.

Shangazi Mkali
Jamani. Australia wamemaliza ubishi wote huu: chini ya miaka 16 marufuku mitandao, na mzazi akimwachia mtoto anapigwa faini ya mamilioni. Tuige.

Nahodha
Nusu yake kweli, Shangazi. Imeanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, na faini ni ya kampuni, mpaka dola za Australia milioni 49.5. Mzazi na mtoto hawaadhibiwi. Kinachozuiwa ni kumiliki akaunti kwenye mitandao iliyotajwa, kama TikTok, Instagram, Snapchat na YouTube. WhatsApp haimo. Na YouTube inatazamika bila akaunti, ila ukitoka kwenye akaunti unaacha nyuma vizuizi vyote ambavyo mzazi aliviweka kwenye akaunti hiyo.

Mama Pacha
WhatsApp haimo! Sasa mnaona kwa nini nasema meseji zisomwe?

Kipanga
Nimewasoma kimya tangu mwanzo. Mnajichosha. Kuna programu za kufunga kimyakimya kwenye simu ya mtoto, unapata meseji, picha, mahali alipo, yote. Mtoto hajui chochote.

Fundi Waya
Hapo hata mimi na Mama Pacha tuko upande mmoja. Kipanga, unazisoma wapi hizo meseji? Kwenye seva ya mtu usiyemjua. Umechukua picha na maongezi ya mwanao, ukampelekea mgeni, na unamlipa. mSpy, moja ya zilizo maarufu, ilivujisha data mwaka 2015, ikavujisha tena 2018. Nyingi zinadai uruhusu usakinishaji kutoka nje ya Play Store na uzime Play Protect, mlinzi wa Android dhidi ya programu hatari, yaani umefungua mlango ule ule ambao virusi wanautafuta. Na siku mtoto akigundua, hatakuja kwako akiwa na tatizo.

Kipanga
Maneno ya wanaoficha kitu.

Mama Pacha
Usitukane watu. Mimi nilisema asomewe akijua. Wewe unazungumzia wizi.

Mgeni Mpya
Samahani, naingilia. Kama mtoto ameshatuma picha ya uchi na mtu anadai hela, hapo kunafanywa nini? Nimesoma juu kote, naona saa tu.

Nahodha
Umefanya vema kuuliza. Mpangilio ndio wenye maana. Usilipe, maana akilipwa mara moja anapandisha dau. Usifute maongezi. Piga skrinshoti ya vitisho, jina la akaunti, kiungo cha wasifu wake na namba aliyotaka hela itumwe. Picha yenyewe usiipige wala kuisambaza kwa mtu "akusaidie", kwa sababu picha ya uchi ya mtoto ni kosa hata mikononi mwa ndugu. Kisha ripoti akaunti ndani ya programu, halafu ndipo umzuie. Ukimzuia kabla ya skrinshoti, kuna programu zinazokuondolea wasifu wake na ushahidi unakwenda nao. Vitisho vipeleke polisi.

Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha humo humo kwenye simu. Picha haiondoki, inayotumwa ni alama, na mitandao iliyojiunga inaitumia kuikamata picha ikipandishwa. Haifiki ndani ya maongezi yaliyosimbwa, yanayosomeka na wahusika tu, kama ya WhatsApp. Na picha isifutwe kwenye simu kabla alama haijatengenezwa.

Mwambie mtoto leo leo kwamba hana kosa. Anayetisha anategemea aibu yake.

Mgeni Mpya
Asante sana.

Shangazi Mkali
Mungu akusimamie, mwanangu. Ukikwama rudi hapa.

Babu Ruta
Kwa wengine, tovuti za ngono zizuieni kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani. Sehemu ya DNS, ile inayotafuta tovuti kwa jina lake, wekeni 1.1.1.3 na 1.0.0.3, za familia za kampuni ya Cloudflare, bure. Zinazuia kwa jina la tovuti, kwa hiyo haziwezi kuchambua video moja na nyingine ndani ya YouTube. Na msipange ratiba ya ruta kwa anwani ya MAC, namba ya kutambulisha kifaa kwenye mtandao, bila kuangalia: Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinatumia anwani ya kubuni. Mtoto anasahau Wi-Fi na kujiunga upya, na kwenye baadhi ya simu hilo linatosha ruta imwone kama mgeni. Zimeni anwani hiyo ya kubuni kwa Wi-Fi ya nyumbani.

Mama Pacha
Babu, ruta ikishawekwa hizo namba na simu bado inafungua kila kitu?

Babu Ruta
Angalia kama data ya simu imewashwa, maana ruta haioni bando. Angalia kama kuna VPN, programu inayopitisha mtandao njia ya pembeni. Kisha DNS ya Faragha kwenye mipangilio ya Android: andika humo family.cloudflare-dns.com, itamlinda hata akiwa kwenye bando. Mwisho, Chrome ina DNS salama yake yenyewe, nayo inaweza kuiruka ruta, izime. Ukimaliza, zima Wi-Fi ya simu na kuiwasha, kwa kuwa simu inakumbuka majibu ya zamani kwa muda.

Mama Pacha
Sawa Babu. Meseji bado nasoma.