Sakafu yenye mabomba ya maji moto: niiandae vipi kabla ya kupiga taili?

fundi_maweni
Assalaam aleikum mafundi. Mimi ni fundi wa taili hapa Maweni, Malindi, mwaka wa 11 sasa. Kazi yetu huku ni kupambana na joto na chumvi. Sijawahi kuombwa sakafu ya kupashwa moto. Sasa tajiri niliyemfanyia bafu zake hapa anajenga Nanyuki, na kule usiku baridi inauma. Amelaza mabomba ya plastiki ya maji moto, yakafunikwa kwa skridi ya simenti na mchanga. Sebule ni mita 9 kwa 5. Skridi ina wiki tatu, juu ni nyeupe na kavu. Anataka nianze Jumatatu. Je, niipige kama sakafu ya kawaida? Roho yangu inasita.

baba_swaleh
Waaleikum salaam fundi. Usianze Jumatatu. Kazi hii nimeifanya Italia miaka sita, upande wa Brescia, kabla sijarudi nyumbani Malindi.

Skridi ya simenti ikishafika siku 21 ndiyo huanza kupashwa moto, na hupashwa *kabla* ya taili. Siku tatu za kwanza maji yaingie na nyuzi 20 hadi 25. Kisha yapande mpaka kiwango cha juu ambacho mtambo umepangiwa, yakae hapo siku nne, halafu yashushwe polepole. Kama kuna ufa wa kutoka, utoke sasa unauona. Siku ya kupiga taili mtambo uzimwe na sakafu iwe imepoa, la sivyo gundi itakauka juu kabla ya kushika.

Ule weupe usikudanganye, unyevu hukaa chini. Kule tulichimbua kipande cha skridi, tukakiponda, tukakitia kwenye chupa ya chuma pamoja na kabaidi, unga unaotoa gesi ukikutana na unyevu, na kusoma presha kwenye geji. Kwa simenti ya kupashwa moto tulitaka unyevu usizidi asilimia 1.8. Huna chupa hiyo? Bandika nailoni ya mita moja, uizibe kingo zote kwa utepe, uiache siku nzima. Ukikuta jasho chini yake, subiri.

Nimeona mwenyewe haraka inavyoumiza. Nyumba moja kule skridi ilikuwa ya jasi, na msimamizi alikataa tusiisugue wala kuipaka praima. Msimu wa baridi wa kwanza taili zikaanza kulia ukizigonga, kama kopo tupu. Nikainua moja kwa mwiko, ikatoka nzima na gundi yake yote, na mgongoni ina vumbi jeupe laini kama unga wa muhogo. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alisimama mlangoni akilia. Yako ni simenti, lakini isugue hivyo hivyo uondoe ule utandu wa juu, uifyonze vumbi, upake praima.

Tena sebule yako ni mita za mraba 45. Kipimo chetu kilikuwa 40, na upande usizidi mita 8. Lazima pawe na kiungo katikati, yaani mwanya wa kuiachia sakafu itanuke, na kiungo hicho kiendelee hadi kwenye taili palepale, ukijaze silikoni. Usitie grauti. Gundi iwe ya kunyumbuka, mfuko ulioandikwa C2 S1, na uipake mgongoni mwa taili pia.

wa_langoni
Mimi niko Lamu. Dari la juu la nyumba ya wageni, jua tu liliinua taili zangu katikati kama paa la hema, kwa sababu nilizibana ukutani pande zote. Acha nafasi mzunguko mzima, fundi, uifunike kwa sketi ya ukutani. Na mabomba yabaki na presha muda wote unaofanya kazi, ukitoboa geji ikwambie.

fundi_maweni
Mzee wangu baba_swaleh, na ndugu yangu wa Lamu, Mungu awalipe. Nimempigia tajiri, Jumatatu imeahirishwa. Amenitumia picha za kabla ya kumwaga: kiungo kipo, mita 5 kutoka mlangoni, ila wamekipaka niru juu hakionekani. Nitakifukua kwanza, ndipo tuwashe.

baba_swaleh
Kifukue kwa patasi na mkono, grainda iache kwenye gari. Na hizo picha zichapishe uzibandike ukutani, kila atakayeingia na drili azione.